Visigino vya Wana wa Kabongo

Lubudi, 9 Machi 1986

Kwa binti wa Tshiela,

Salamu kwa bote benye kulala mu nyumba hiyo. Huku tuko bazima. Mvua ilipiga mahindi ya karibu na reli, lakini mihogo imesimama. Shangazi yako Elise anasalimia, anauliza kama kikohozi chako kimeisha. Mi siulizi.

Ninakuandikia wewe kwa sababu mama yako hajui kusoma, na kwa sababu kaka yako Kazadi ni mutoto muzuri, sitaki kumuchafua na maneno haya. Utamusomea mama yako mbele ya jirani mumoja, neno kwa neno.

Mudogo wangu Mulumba, yule unayemwita baba, alikuwa na miaka makumi ine na mbili. Aliamuka muzima, akaenda kazi kwenye barrage ya Nzilo, ule ukuta wa kufunga mto, akapanda ngazi, akaanguka, basi. Mutu wa nguvu hivyo haanguki bure. Sisi batu ba Kasai tunajua jambo hili, na mama yako analijua tangu utoto wake: muke akitoka inje na mwanaume mwingine, kisha akarudi kupikia bwana yake bukari ya unga wa mahindi bila kusema kitu, ile bukari inaua bwana. Ndiyo tshibawu. Hakuna dawa yake hospitali. Dawa yake ni kusema.

Unataka alama? Siku za kilio ulikaa chini kwenye mukeka, miguu wazi, umeinyoosha. Niliangalia. Bisigino byako ni laini kama bya muzungu. Bana ba Kabongo banajulikana: wako na fundo nyuma ya kisigino, pale kwenye mushipa mugumu, na mafundo madogo juu ya bidole bya mukono. Babu yako Kabongo alikuwa nayo. Mi niko nayo. Mulumba alikuwa nayo. Kazadi, mwaka jana alipofika miaka kumi na kenda, nilimugusa mwenyewe kama desturi yetu inavyotaka, nikakuta fundo linaanza. Nilimwambia: karibu mu jamaa. Lakini wewe, hakuna kitu. Mama yako alikuokota wapi?

Mupaka aseme jina la huyo mwanaume mbele ya bakubwa, hatatoka kilio. Atavaa nguo nyeusi, hatauza sokoni, hatapeana mukono na mutu. Nimesema.

Kabeya, mukubwa wa Mulumba


Kolwezi, 30 Machi 1986

Tata mukubwa Kabeya,

Barua yako imeletwa na Masudi, mwenye lori la makayabu, na harufu ya samaki haijaitoka mpaka leo. Nafurahi kwamba mihogo imesimama. Mwambie shangazi Elise kikohozi kimekwisha. Kazadi amepata kazi Kingamyambo, pale wanapoosha upya mchanga wa zamani ili kutoa shaba iliyobaki. Jioni viatu vyake vinakuwa vimegandwa na tope la kijivu, na mimi ndiye ninayevisugua. Mama hali chakula vizuri.

Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Jirani sikumwita. Hapo sikukutii, na sitaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Umuandikie hivi. Mi sikutoka inje hata siku moja. Na umwambie aksanti ya kuangalia miguu ya mutoto wangu saa bengine banalia.”

Hayo ni yake. Sasa ni yangu. Unajua mimi si msemaji. Mwalimu akiniuliza swali darasani, sauti yangu inapotea na wenzangu wanacheka. Kwenye karatasi haipotei, kwa hiyo utavumilia urefu wa barua hii.

Siku baba alipoletwa hospitali, daktari alimgusa nyuma ya visigino, kisha akageuka kwangu. “Mu jamaa yenu, bengine bako na haya mafundo?” Nikasema ndiyo, tena tunajivunia. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Baada ya siku za kilio nikamrudia, nikasimama mlangoni pake mpaka akachoka kuniona nimesimama. “Citoyenne, unataka nini?” Nikaonyesha kisigino changu kwa kidole. Akacheka, akaniketisha, akanipa gazeti la sayansi la Kifaransa. Humo imeandikwa kwamba wataalamu wawili wa Amerika walipewa tuzo kubwa mwaka jana kwa kueleza mambo ambayo ndani yake fundo lile linaeleweka.

Nitakueleza kwa reli, maana reli ndiyo kazi yako.

Mafuta hayachanganyiki na damu, kama vile mawese hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo ini huyapakia kwenye vifurushi vidogo sana na kuvizungushia protini. Fikiria kwamba kila kifurushi ni behewa, na ile protini ya nje ni kadi inayobandikwa ubavuni mwa behewa, kuonyesha ni mzigo gani na unapokelewa wapi. Ndani kuna mafuta yanayoitwa kolesteroli. Si sumu. Mwili unayahitaji, bila hayo hakuna chembe hai inayoweza kujenga ukuta wake. Mabehewa yanazunguka kwenye damu, yanagawa mzigo, kisha mengi yanarudi kwenye ini. Huko, juu ya kila chembe ya ini, kuna protini nyingine zilizo kama ndoano za kushushia. Ndoano inaitambua kadi, inalishika behewa, inalivuta ndani, halafu inarudi nje kungoja lingine. Na hapa ndipo niliposhangaa zaidi: ini likiwa na mzigo wa kutosha, linapunguza ndoano. Likipungukiwa, linatengeneza nyingine. Hakuna mkubwa wa stesheni anayepiga kelele. Linajipima lenyewe.

Kila mtu hupokea maagizo mawili ya kutengeneza ndoano, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika ukoo wa Kabongo, agizo moja limeharibika. Nusu ya ndoano hazifanyi kazi, na mabehewa hayashushwi. Kolesteroli inabaki kwenye damu miaka na miaka, inajibandika ndani ya mishipa ya moyo, na nyingine inakwenda kulala kwenye kano za visigino na za vidole. Fundo unalojivunia, Tata mukubwa, ni mafuta yaliyokosa mahali pa kushukia.

Mzazi mwenye agizo moja zima na moja bovu humpa mtoto moja tu kati ya hayo mawili. Ni kama kurusha sarafu ya makuta. Kazadi aliangukiwa na bovu. Mimi, inaelekea, nilipata zima. Baba yetu ni mmoja.

Nataka niwe mkweli mpaka mwisho, kwa hiyo naongeza hili: nyama yenye mafuta na mayai humwongezea mzigo mtu wa namna hiyo, lakini ni kidogo. Hata kama baba angekula bukari na mboga ya lenga-lenga maisha yake yote, damu yake bado ingejaa.

Mama hakumuua. Mtoe kilio.

Bilonda Mulumba


Lubudi, 18 Mei 1986

Kwa binti wa Tshiela,

Tumevuna mahindi, si mengi. Elise aliumwa jino moja, likang'olewa, mengine hapana. Amefika miaka makumi tano na kenda na analima kuliko muke wangu. Mi usiulize hali yangu. Ngazi za stesheni banazitengeneza ndefu kila mwaka, ndiyo hiyo tu.

Barua yako niliisoma mbele ya bakubwa. Niliisoma pale unaposema: “nyama yenye mafuta na mayai humwongezea mzigo mtu wa namna hiyo.” Nikauliza: nani alimupikia Mulumba nyama na mayai? Bote bakajibu: Tshiela. Aksanti, muprofesa mudogo. Tulikuwa tunatafuta shahidi, na mutoto mwenyewe ameandika na mukono wake kwamba ni chakula.

Na mambo ya reli, uniachie. Niko mu reli miaka makumi mbili, wewe umeona treni ikipita tu. Unafikiri wagoni isiyoshushwa inazunguka, inazunguka, basi? Wagoni isiyoshushwa inasukumwa kwenye njia ya pembeni. Inakuja ya pili, nayo inasukumwa pale. Banaendelea hivyo, hakuna anayeona kitu, kazi inatembea. Siku moja ile njia ya pembeni imejaa, moja inatokeza kidogo kwenye njia kubwa, na treni nzima inasimama. Asubuhi kila mutu anauliza: imekuwaje, jana si ilikuwa inapita vizuri? Ukitaka kufananisha, fananisha vizuri.

Kabongo alikufa na miaka makumi ine na moja, na tata yake alikufa kijana vilevile. Batu ba nguvu hawakosi baadui. Mafundo ndiyo nguvu yetu. Usirudie kuyaita mafuta.

Mama yako aseme jina.

Kabeya


Kolwezi, 15 Juni 1986

Tata mukubwa,

Baridi imeanza. Masudi anasema barabara ni kavu na lori linakimbia, kwa hiyo huna sababu ya kuchelewa kujibu.

Umeikata sentensi yangu katikati na kuitupa nusu. Baada yake niliandika “lakini ni kidogo.” Wakubwa uliwasomea hapo? Mama aliposikia, aliniuliza: “Sababu ya nini uliandika vile?” Nikamwambia: kwa sababu ni kweli. Akanivutia upande wa kanga yake nyeusi: “Basi huo ukweli wako, uuvae wewe hii nguo.” Nimejifunza. Kwako sitaandika tena jambo ambalo linaweza kukatwa.

Kuhusu njia ya pembeni, asante. Daktari alinieleza kifo cha baba kwa muda mrefu na kwa picha, na hakukieleza vizuri kama wewe. Imekuwa hivyo hasa, mpaka lile swali la asubuhi. Isome tena barua yako mwenyewe kama nakala unayo.

Kazadi naye alikuwa upande wako. Nilipomwambia akapime damu, alinijibu: “We, mwenye bisigino bya muzungu, uko na wivu tu.” Lakini siku hizi akipiga mpira visigino vinamuuma hata anavua viatu uwanjani, na mwishowe akaenda, akidai anakwenda kwa sababu ya mpira. Walimtoa damu yeye, na mimi pia. Kolesteroli yake ni mara mbili ya mtu wa kawaida. Yangu ni ya kawaida. Kazadi hakunitania njia nzima ya kurudi.

Daktari amempa dawa ya unga, inayopatikana kwa shida. Inachanganywa na maji na inakwaruza kama mchanga. Haiingii hata kwenye damu. Inaikamata nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini, ili litengeneze nyongo mpya, linalazimika kutoa ndoano zaidi na kuvuta mabehewa. Naona ni ujanja mzuri: unalinyima ini kitu upande mmoja ili lifanye kazi upande wa pili.

Najua utakavyosema juu ya damu yangu: unaona, si ya kwetu. Kwa hiyo sikuletei damu yangu kuwa ushahidi. Nakuletea swali.

Shangazi Elise ni dada yenu mkubwa, tumbo moja na baba mmoja na ninyi. Picha ya babu Kabongo iko ukutani kwetu. Ukimvua kofia, ni Elise mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kusema yeye si wa Kabongo. Lakini desturi yenu inagusa visigino vya wavulana tu. Je, umewahi kugusa vyake? Anaishi nyumba ya pili kutoka kwako. Babu alikufa na arobaini na moja, baba na arobaini na mbili, wewe una arobaini na sita na ngazi zinarefuka. Yeye ana hamsini na tisa na analima.

Nenda ukamguse. Ukikuta laini, je, naye si wa Kabongo? Kisha uniandikie.

Bilonda Mulumba


Kolwezi, 7 Septemba 1986

Tata mukubwa,

Hujajibu. Masudi anaapa kwamba barua ya Juni alikupa mkononi, ukaisoma umesimama kando ya lori, ukaomba maji ya kunywa, ukaondoka bila kumuaga. Kwa hiyo imefika.

Habari za hapa: masomo yameanza, mimi ni mwaka wa sita sasa. Kazadi anakunywa unga wake kila siku na kukunja uso. Mama bado amevaa nyeusi. Wiki iliyopita alikwenda kununua chumvi, na mwanamke anayemfahamu tangu zamani akamwekea chumvi chini, ardhini, ili mikono isikutane.

Siku hiyo jioni mama alikuwa anatwanga sombe ya majani ya mihogo. Nikamwuliza: kwa nini mtu mzima anaogopa kugusa kisigino cha dada yake? Akasimamisha mchi.

“Haogopi kisigino,” akasema. “Anaogopa Odile.”

Mimi mama Odile namkumbuka kidogo. Alikuwa mke wako wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi mliposema amekwenda kusalimia ndugu zake, na tangu hapo hakuna aliyetaja jina lake mbele yangu. Sasa nimeambiwa yaliyobaki. Muamba, mwana wenu, alitimiza miaka kumi na minane. Ukamketisha mbele ya wanaume, ukamgusa, ukakuta visigino laini. Mama Odile alisema sikutoka inje, kama mama yangu anavyosema. Ukawapandisha treni mama na mwana siku ileile, stesheni nzima inaangalia, na wewe umevaa kofia ya kazi.

Mama alipomaliza akashika tena mchi, akaongeza: “Odile alikuwa anapika vizuri. Kabeya hakufa. Muulize hiyo tshibawu ilikwenda wapi.”

Kwa hiyo nimeelewa kwa nini hunijibu. Ukikubali kwamba mimi ni wa Mulumba, unakubali kwamba Muamba ni wako. Mama yangu lazima awe na kosa ili wewe usiwe nalo. Ndiyo hesabu yako yote, na unaifanya kwa nguo ya mtu mwingine.

Sina salamu leo, ila kwa shangazi Elise.

Bilonda Mulumba


Lubudi, 2 Novemba 1986

Kwa Bilonda wa Mulumba,

Mvua imerudi. Wagoni mbili za saruji ziliacha njia karibu na daraja, hakuna mutu aliyeumia. Mbuzi wa jirani alikula maharage yangu na mwenyewe anasema si mbuzi wake.

Elise anasalimia. Ananikasirikia. Anasema mutu wa miaka yake hashikwi miguu kama mbuzi anayeuzwa. Hayo yamekwisha, usiulize.

Kuna rafiki yangu mumoja hapa stesheni, yuko na mambo ya kifua wakati wa kupanda ngazi. Anataka kujua ile dawa ya unga inaitwa namna gani. Uandike wazi, si kwa mwandiko wa daktari.

Mama yako anaweza kutoka kilio. Si kwa sababu ya barua zako. Bakubwa bamechoka na jambo hili, na mwaka unaisha. Usifikiri umeshinda. Mutoto muke anayeandika kama juge mu korti, hakuna mwanaume atakayemuoa.

Kama mama yako anajua kule Odile na mutoto banakaa, uandike. Si lazima nikuambie sababu.

Kabeya


Kolwezi, 23 Novemba 1986

Tata mukubwa Kabeya,

Pole kwa maharage.

Dawa inaitwa kolestiramini. Mwambie rafiki yako asiitafute sokoni kwa wauza vidonge. Apande treni, aje hospitali ya hapa, atolewe damu kwanza. Asile siku hiyo asubuhi. Ngazi apande polepole, na kifua kikimbana apumzike, asione haya mbele ya vijana wa kazi. Kama ana watoto wadogo, tuseme watatu, nao wapimwe damu wakikua kidogo. Asingoje visigino, maana hata kisigino laini hakitoi uhakika. Ni damu inayosema. Hayo nayaandika kwa sababu ningemwandikia mtu yeyote.

Mama amekataa kutoka kilio. Nilimsomea maneno yako, akauliza: “Bakubwa bamechoka na nini? Bo ndio banavaa hii nguo?” Hataki kuvuliwa na watu waliochoka. Amesema ataivaa mpaka ipasuke, na ikipasuka atanunua nyingine.

Anwani ya Muamba ninayo. Sitakupa mpaka ufanye jambo moja.

Mwezi wa Machi uliniagiza: msomee mama yako mbele ya jirani mmoja, neno kwa neno. Sasa andika barua nyingine, si kwangu, kwa mama mwenyewe. Hiyo nitaisoma kama ulivyoagiza. Safari hii jirani nitamwita.

Na kuhusu kuolewa, nitamaliza masomo kwanza.

Bilonda Mulumba


Lubudi, 21 Desemba 1986

Kwa Tshiela, muke wa Mulumba,

Bilonda akusomee mbele ya jirani.

Hukutoka inje. Mudogo wangu hakufa kwa mukono wako wala kwa bukari yako. Alikufa na kitu cha kwetu, tulichokuwa tunakishika na kukisifu. Bilonda ni mutoto wa Mulumba. Yale niliyosema mbele ya bakubwa, nimeyafuta mbele yao juzi, bengine balikasirika. Utoke kilio bila mbuzi, bila kuku, bila kusema jina la mutu, kwa sababu hakuna jina.

Neno lingine sina.

Kabeya


Kolwezi, 4 Januari 1987

Tata mukubwa Kabeya,

Mwaka umeanza na mvua, na umeme umekatika tangu juzi. Kazadi ni mzima. Anasema unga ule sasa anauona kama chumvi tu, lakini anadanganya. Nimemwona akishika pua.

Barua yako kwa mama ilifika Ijumaa. Jirani niliyemwita ni mama Amisa, mke wa Masudi, kwa sababu jambo likiingia sikioni mwake saa mbili, saa nne liko sokoni. Walikaa nje, yeye na mama, nami nikasimama mlangoni. Nilipoanza, sauti ilipotea kama kawaida. Mama akasema, “Kwa nguvu, Bilonda. Yeye hakunitukana pole pole.” Nikaanza upya kutoka “Kwa Tshiela.” Nilisoma mpaka watoto wa jirani wakaacha mpira wao wakaja kusimama kwenye ua. Mama Amisa akaomba nirudie pale pa “hukutoka inje.” Nikamtazama mama, nikidhani atasema inatosha.

“Rudia,” akasema. “Mabaya nilibeba miezi mingi.”

Nilisoma mara tatu. Kisha mama akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri kana kwamba anataka kumrudishia mwenyewe, akaingia ndani kuoga. Leo amekwenda sokoni na kanga ya njano. Ameniambia nisikupe salamu zake, na mimi ninafanya alivyosema.

Masudi anasema rafiki yako wa stesheni alishuka kwenye treni wiki moja kabla ya Krismasi, akaenda hospitali, akaondoka bila kupita kwetu. Anasema alikuwa amevaa kofia yako. Daktari hakuniambia kitu, wala sikumuuliza.

Ahadi ni ahadi. Muamba ni seremala mjini Likasi, nyuma ya kinu cha mahindi kilicho karibu na soko kubwa. Ukiuliza mtengeneza vitanda watakuonyesha. Mama Odile ameolewa tena na ana watoto wawili. Jina lako hataki kulisikia, kwa hiyo kwake usiende.

Sikutaka kukupa anwani ya mtu bila yeye kujua, basi nilimwandikia Muamba kumwomba ruhusa. Nilimweleza juu ya ndoano, na juu ya sarafu, na kwamba yeye pia apimwe damu. Alijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza unasema nikupe. Wa pili ni swali, na ameomba nikufikishie kama lilivyo: anauliza kama bado unagusa visigino vya watoto.

Sikumjibu. Mjibu wewe.

Bilonda Mulumba